Redio Haikusema Hivyo

Ukipita Shauri Moyo ukawasikia vijana wa barazani wakilia kwa midomo "pip, pip, pip, piiiip" kama redio inayotangaza saa, kisha wakacheka mpaka wanaegemeana, basi ujue nilikuwa napita mimi. Jina langu ni Kamene lakini wameshalisahau. Siku hizi naitwa Saa Saba, kama taarifa ya habari ya saa saba, na jina hilo nimelipata kwa mdomo wangu mwenyewe, sina wa kumlaumu, na hata sasa ninapoandika masikio yananiwaka kama nimechapwa.

Kwanza mjue mimi si mtu wa maneno. Kwenye bomba la maji napanga debe langu, naamkia wakubwa, kisha nanyamaza mpaka zamu yangu ifike. Shuleni niko kidato cha tatu na hata nikijua jibu mkono hauinuki (unakuwa mzito ajabu). Mahali pekee nilipojiona mtu ni Klabu ya Habari ya Mwalimu Wafula, kwa sababu huko mambo mengi tunaandika, hatusemi. Mwalimu Wafula alituchorea ubaoni jinsi habari inavyosafiri: huku mtumaji, huku mpokeaji, katikati ujumbe na njia yake, na juu ya njia akapiga michoro michoro kama nywele ambazo hazijachanwa, akasema hiyo ni kelele. "Na kelele si lazima iwe sauti," alisema. "Hata fikira zako mwenyewe zinaweza kuwa kelele." Nilichora yangu kwa rula, safi kabisa, nikaipaka na rangi. Ilirudi na kalamu nyekundu: *Nzuri, lakini mshale wa kurudi uko wapi?* Maana yake mpokeaji naye humrudia mtumaji, akajibu, au akauliza kama hajaelewa. Nikaona mwalimu ananitafutia makosa tu. Mshale mmoja!

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Ilikuwa Jumamosi, Baba yuko safarini na lori la watu, Mama yuko Gikomba na mitumba yake, mimi nyumbani peke yangu napiga pasi sare huku redio inaongea. Baada ya habari ya saa saba yakaja matangazo, na yule mtangazaji mwenye sauti nzito akasoma kwamba Bwana Musyoka, mchongaji wa vinyago, wa Shauri Moyo, Nairobi, anaombwa arudi nyumbani kwao haraka. Basi. Akaenda kwa tangazo lingine.

Niliacha pasi juu ya kola ya blauzi (kola yenyewe ikaungua, lakini hilo ni dogo, subirini). Musyoka ni jirani yetu, mlango kwa mlango. Ni Baba Kioko, yule anayechonga twiga na vijiko vya kuuzia watalii, kibanda chake kiko kule kwa maseremala karibu na Gikomba. Na sisi watu wa mitaa hii, hasa tuliotoka Ukambani, tuna namna yetu ya kusikiliza redio. Hakuna mtu atakayelipia tangazo amwambie mwanawe aliye mbali kwamba mzazi wake amekufa, si utamuua na yeye? Unasema tu arudi haraka. Mwenye masikio anajua, anakaa chini, anashika kichwa. Kwa hivyo na mimi nilijua. Sikuwa na shaka hata ya punje.

Jambo la kufanya lilikuwa moja tu, kutembea mpaka kibandani na kumwambia Baba Kioko maneno yale yale, nikarudi kwa kola yangu. Lakini kibandani kuna wanaume wengi, nami kuongea mbele ya wanaume siwezi, nikaona afadhali nimtafute mke wake, Mama Kioko, pale bombani. Hapo ndipo nilipojikata mguu kwa shoka langu.

Mama Kioko hakuwepo. Kulikuwa na foleni ndefu, na mbele kabisa Mama Atieno, ambaye sauti yake ikitoka Shauri Moyo inafika Kaloleni bila nauli.

"Wewe Kamene, mbona unahema? Unafukuzwa?"

"Hapana, Mama. Ni redio. Baba Kioko anaitwa nyumbani haraka."

Madebe yalinyamaza. Sijui niwaeleze vipi. Wanawake ambao hawajawahi kugeuza shingo nikipita, wote waliniangalia mimi, na mmoja akafunga bomba ili nisikike vizuri.

"Uuuwi!" akasema Mama Atieno. "Anaitwa? Nani amekwenda?"

Na mimi, mtoto wa Klabu ya Habari, nikafikiri upesi upesi: baba yake Musyoka alishazikwa zamani, ndugu hana, nani tena wa kulipiwa redio? Nikasema, "Ni mama yake."

"Redio imesema hivyo?"

Jamani, hapa. Ni hapa hapa. Ningesema "hapana, nadhani," yangeisha. Lakini macho yalikuwa mengi, na ladha ya kusikilizwa nilikuwa naionja mara ya kwanza, tamu kama miwa. Nikasema, "Ndiyo. Nimesikia na masikio yangu haya."

Nilirudi nyumbani nikatupa blauzi iliyoungua, nikakaa. Baadaye kidogo nikatoka kuanika, nikakutana na mama mmoja wa nyumba za nyuma, ambaye hakuwepo bombani. Akanivuta kando. "Umesikia ya mama yake Musyoka? Mguu ulivimba, maskini, wakamkimbiza hospitali, hakufika. Kuzika ni Jumanne." Nami nikatikisa kichwa kwa huzuni nikasema, "Kumbe ni mguu!" Mnaona akili yangu? Uongo wangu uliondoka miguu mitupu, ukarudi umevaa viatu na kofia, na mimi sikuutambua. Nikaona ndiyo uthibitisho wenyewe. Hata moyo ukatulia, nikasema ndani yangu, afadhali, nilisema kweli.

Jioni Baba Kioko akaja kwetu. Alikuwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hakukaa. Alisimama mlangoni akashika kizingiti kwa mikono miwili kama mtu anayezuia nyumba isianguke.

"Kamene, mama," aliniita hivyo kwa upole, "hebu nirudishie vile redio ilisema. Neno kwa neno. Usiache hata moja."

Mama yangu, aliyekuwa amerudi sokoni, akaniambia, "Sema, mwambie Baba Kioko." Nami maneno ya kweli yalikuwa machache mno, yangekwisha kabla hajavuta pumzi, na hayakuwa na kifo ndani yake. Nikafumba macho. Nikatoa sauti ya yule mtangazaji, nikasema, "Tunasikitika kutangaza kifo cha mama yake Bwana Musyoka..." na nikaendelea, kwa sababu matangazo ya namna hiyo nimeyasikia tangu utotoni, ninayajua kama sala. Niliposema "jamaa na marafiki wote wajulishwe," Baba Kioko aliachilia kizingiti. Akaniambia asante. Aliniambia *asante*.

Usiku huo huo kulifanywa maombi mbele ya mlango wao, mikeka, taa ya kandili, akina mama wa kanisa wanaimba, mimi nimepewa kazi ya kuzungusha chai. Na katikati ya maombi Baba Kioko akasimama. Yeye ni mtu wa siri kuliko hata mimi, akichonga twiga siku nzima anaweza asiseme neno, lakini usiku huo alisema yote mbele ya mtaa mzima. Alisema alioa Mama Kioko bila kwenda nyumbani kuomba baraka, mama yake akakasirika, mama na mwana wakaachana hivyo. Alisema mama alituma watu mara nyingi.

"Nilikuwa nasema nina kazi," alisema. "Sikuwa na kazi. Nilikuwa na kiburi. Nilisema akiniita yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, hapo nitaenda. Sasa mjukuu hajamwona hata uso. Na mdomo wenyewe umefungwa."

Mama Kioko alikuwa amejifunika kanga mpaka kichwani, mabega yanatetemeka, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa anajua kwamba yeye ndiye mke asiyetakiwa. Nami nilikuwa nimesimama pale na birika. Nilijaribu kuikumbuka sauti ya redio ikisema neno "kifo." Nikajaribu tena. Nikasikia sauti yangu tu. Nikajua kwamba nikikohoa hapo nikasema "ngojeni," jambo hili litasimama. Nilifungua mdomo.

Nikasema, "Niongeze sukari?"

(Mkitaka kunicheka, chekeni hapo. Mimi mwenyewe hapo ndipo ninapojichukia zaidi.)

Jumapili Baba Kioko hakwenda kanisani. Mtoto wa mjini hafiki kwenye msiba mikono mitupu, na fundi wa mbao aende akanunue jeneza kwa mtu mwingine? Alilitengeneza mwenyewe kibandani. Alichukua mbao za mvule alizokuwa amezitunza, na juu ya kifuniko akachonga kibuyu na mwiko, kwa sababu hivyo ndivyo alivyomkumbuka mama yake, amekaa jikoni na kibuyu cha uji pembeni. Wachongaji wenzake walisema hawajawahi kumwona akichonga hivyo. Mchana likapakiwa kwenye mkokoteni liletwe nyumbani, ili Jumatatu alfajiri liondoke na piki-apu ya kukodi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshika mikono ya mkokoteni, akakataa kusaidiwa. Nyuma akina mama wanaimba. Mimi nilikuwa mwisho kabisa, nimebeba sinia la vikombe, natamani ardhi inimeze pamoja na vikombe vyake.

Tulipokaribia nyumba za kwetu kulikuwa na bibi mmoja kando ya njia, ametoka upande wa stendi ya mabasi ya mashambani, kiondo mgongoni kimening'inia kutoka kwenye paji la uso, jogoo mkononi, miguu imejaa vumbi la safari. Alipoona jeneza aliweka kiondo chini, akainamisha kichwa kwa heshima, akangoja msafara upite. Halafu akamwona mtu wa mwisho, ambaye ni mimi, akaniuliza kwa Kikamba, taratibu:

"Mwanangu, nani huyo mmepoteza?"

Mtu mgeni tena, ananiuliza mimi habari tena! Nikajibu kwa adabu, kama tunavyowaita bibi zetu, "Susu, ni mama yake Musyoka."

"Ngai! Pole sana. Musyoka gani?"

"Musyoka anayechonga vinyago. Yule mbele na mkokoteni."

Bibi alimtazama yule mbele. Alimtazama kwa muda. Akanitazama mimi.

"Nani amewaambia?"

"Redio, Susu."

"Redio yangu?" akasema. "Mimi nililipa redio imwambie aje nyumbani. Imesomwa siku hizi zote, hakuja, ndipo nikapanda basi."

Sinia lilianguka. Vikombe vyote vya kanisa, jamani, vyote. Kwa mlio ule watu wakageuka, na Baba Kioko naye akageuka, akamwona yule bibi amesimama na jogoo. Aliachilia mkokoteni. Mkokoteni ukainuka mbele, jeneza likateleza nyuma polepole kama mtu anayeshuka kitandani, likagonga barabara, kifuniko kikafunguka, na Mama Atieno, aliyekuwa akiimba kuliko wote, akapiga yowe moja akaruka mtaro ambao sijawahi kuona mtu mzima akiuruka. Nusu ya waombolezaji walikimbia. Jogoo naye akapata nafasi yake akatoroka.

"Mwaitu?" akasema Baba Kioko. Ndivyo sisi tunavyomwita mama. Sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka mitano.

"Musyoka," akasema bibi, "shika jogoo kwanza."

Na alimshika, nawaambieni, mtu mzima mwenye kitambaa cheusi mkononi alimfukuza jogoo kati ya waombolezaji huku machozi yanamtiririka, na hakuna aliyecheka. Kucheka kulikuja baadaye.

Halafu bibi akaketi juu ya ubavu wa jeneza lake, akapangusa uso, akauliza swali moja. "Nani alisema nimekufa?"

Baba Kioko akasema aliambiwa kibandani na fundi mwenzake. Fundi akasema aliambiwa na mke wake. Mke akasema ni Mama Atieno. Mama Atieno (alikuwa amerudi, lakini amebaki ng'ambo ya mtaro) akaninyooshea kidole. Vidole vyote vilifuata. Niliuona ule mshale wa Mwalimu Wafula, ule ambao sikuuchora, unarudi mtu kwa mtu, na ncha yake imenielekea mimi.

"Kuja hapa," akasema bibi. "Redio ilisema nini?"

Nikasema, "Ilisema Bwana Musyoka anaombwa arudi nyumbani haraka."

"Halafu?"

"Halafu basi, Susu."

"Hayo ndiyo niliyoyalipia," akasema. "Nilitaka kuweka 'mama yako anakusalimu, lete mtoto nimwone,' karani akasema maneno yakizidi na bei inazidi. Nikakata." Akageuka kwa mwanawe. "Nilikuita uje nikiwa na macho. Ukija na mbao, tutaongea nini?"

Baba Kioko alipiga magoti pale barabarani. Siwezi kuandika walichosemezana, kwa sababu niliona haya kukiangalia, na kwa sababu Mama alikuwa tayari amenishika sikio. Lakini niliona bibi akitembeza kidole juu ya kile kibuyu na mwiko vilivyochongwa, polepole, mara mbili, na nikasikia akiuliza, "Umenichongea wewe?" Kisha akalipima jeneza kwa macho na kusema, "Lakini ni fupi. Mimi si mfupi hivi." Akamwita Mama Kioko kwa mkono, yule aliyejifunika kanga, akamwambia, "Wewe njoo. Mtoto yuko wapi?"

Basi mtu anaweza kusema yaliisha vizuri. Mama Atieno husema hivyo, eti bila Kamene wale wangepatana lini? Lakini mimi ninaishi mlango kwa mlango nao na ninajua ambalo halikuisha. Yale maneno aliyosema Baba Kioko usiku ule, mbele ya mikeka, aliyasema kwa sababu alidhani mama yake amekufa na hakuna tena siri ya kutunza. Mtaa mzima sasa unayo. Siku moja nilimsikia mwanamke bombani akimwambia Mama Kioko, kwa mzaha tu, "Wewe mke wa bila baraka, sogeza debe," na Mama Kioko akasogeza debe kimya kimya. Vikombe nimevilipia kwa kufua nguo za watu. Lile la bombani siwezi kulilipa kwa chochote, maana ujumbe ukishafika kwa wapokeaji huwezi kuuchota ukaurudisha kwenye ndoo.

Nilikwenda kuomba radhi, Mama akiwa nyuma yangu kama askari. Nilimwambia Baba Kioko kwamba redio haikusema vile, ni mimi. Alikuwa analivunja lile jeneza ubao kwa ubao, atengeneze kabati la vyombo.

"Nilikuuliza neno kwa neno," akasema. Basi. Akaendelea na msumari.

Vijana wa barazani hawana huruma hata kidogo. "Sasa, Saa Saba! Leo nani amededi?" Nami napita nimeinamisha kichwa. Lakini niseme hivi: nimeapa kwamba neno "redio imesema" halitatoka kinywani mwangu isipokuwa nimesema yale yale iliyosema, hata yakiwa machache, hata macho yawe mengi kiasi gani. Na yale ninayoyadhani nitayaita ninayodhani. Katika daftari la klabu nimeuchora ule mshale, na wino ulivuja kwa sababu nilikandamiza sana.

Bibi alikaa kwao wiki nzima. Siku ya kuondoka nilimbebea kiondo mpaka stendi. Alipokwisha panda alitoa kichwa dirishani, akaniita karibu, mbele ya abiria wote, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya basi:

"Siku nyingine ukisikia nimekufa, Kamene, njoo kwanza uniulize."